Mkono Unaosifiwa

Niliuona usiku umeme uliporudi ghafla,
saloni imefungwa, kilemba nimekivua
nikidhani niko gizani.
Juu ya masikio nywele zilikuwa zimehama
kama nyumba za Kadutu baada ya mvua kubwa:
jana kulikuwa na watu,
leo udongo mtupu unang'aa.

Nikafunga kilemba. Taa nikaizima mwenyewe.
Kinyozi hajinyoi, walisema waliotangulia.
Hawakusema msusi huficha nini.

Miaka ishirini na miwili nasuka.
Nimevuta vichwa vya maharusi, vya walimu, vya wauza sambaza,
vya mabinti wa komunio ya kwanza, macho yamepandishwa,
machozi yanashuka,
na mama zao wananiambia: Kaza, Mama Nsimire,
kaza zidumu mpaka mwezi uishe.
Nilikaza. Ndiyo sifa yangu hapa Bukavu:
rasta za Nsimire hazifumuki hata kwa mvua ya Aprili.

Nilijaribu maji ya kitunguu, mafuta ya mbarika,
chupa ya kijani ya franka elfu kumi na tano
yenye maandishi ambayo muuzaji mwenyewe hakuyajua.
Jirani akasema ni jicho la mtu.
Kichwa kikanuka kama jiko, na mstari ukazidi kupanda.

Kwa Daktari Bahizire, Nguba, tuliketi benchi moja
na mvulana mwenye kofia mapajani.
Duara tatu za unga wa kijivu,
nywele zimekatika kama mahindi yaliyopigwa na mvua ya mawe.
Mapunye, daktari alimwambia bibi yake.
Pomada peke yake haifiki mzizini.
Ni vidonge, wiki sita, pamoja na chakula chenye mafuta;
hata ngozi ikipona mapema, usiache.
Na wadogo zake uwalete, nao niwaangalie.
Bibi akatoka akirudia wiki sita, wiki sita,
kama mtu anayehesabu rozari.

Kwangu hakuanza na kichwa. Alianza na maswali:
ulijifungua lini mwisho, damu ya mwezi inatoka kiasi gani,
nani mwingine kwenu ana upara,
defrizan unapaka mara ngapi, inaunguza?
Kisha akashika nywele kwa vidole, akavuta taratibu —
taratibu! sikujua kama nywele huvutwa hivyo —
zikatoka mbili tu. Akaandika.

Akaweka kidarubini chenye taa juu ya ngozi,
akanionyesha picha kwenye simu.
Hapa unaona vitundu: nywele zimechoka, hazijafa.
Hapa ni laini kama sahani ya bati, hakuna tundu.
Hapa mlango umefungwa, mama, sitakudanganya.
Na hivi vinyweleo vya mbele kabisa, kama ukingo wa kitambaa,
vimebaki kwa kuwa vilikuwa vifupi mno kushikwa.
Nani anakusuka?

Nyuma, binti yangu.
Mbele, nikasema, najisuka mwenyewe.

Akaniandikia dawa ya kupaka, vidonge vya damu,
miezi sita bila meshi, bila defrizan.
Mikono yangu ilikaa mapajani muda wote
kama wageni wawili ambao hawajaambiwa waondoke.

Jumamosi akaja Cikwanine, miaka minane,
mama yake amesimama nyuma ya kiti: Kaza.
Foleni ilikuwa ya watu watano.
Nikavua kilemba.
Hakuna aliyesema kitu; redio tu
iliendelea kutangaza bei ya unga.

Nikamsuka kwa vidole vilivyokuwa vinajifunza upya,
vikisahau, vikikaza, vikilegeza.
Mama akalipa nusu. Hazitadumu, alisema.
Ni kweli. Zilifumuka siku ya tisa.
Mtoto alirudi kichwa kimetimka,
akaniambia safari hii alilalia ubavu
usiku ule ule wa kwanza.